Mshale Ulioshuka Wakati wa Maombi

Munyaka, Eldoret
Jumapili jioni

Kwa Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama na wote mlio hapo kwenye kambi ya wafanyakazi wa kahawa. Nilisikia kifua cha Mama kilimsumbua wakati wa baridi. Natumaini sasa analala vizuri, na goti lako limekubali tena kupanda kilima cha kahawa. Mimi sina ugonjwa. Namsalimu pia karani anayekusomea, na ninamwomba asome polepole kwa sababu barua hii ina mambo ya injini.

Uliniuliza kama umwambie msimamizi unaacha kazi, mhamie shamba letu la Turbo kabla ya mvua, au mngoje. Ulisema ukiacha kazi, chumba cha kambi kinachukuliwa siku hiyo hiyo, kwa hivyo hutaki kukosea. Nilichelewa kujibu kwa sababu jibu lilitegemea mashine. Sasa naweza kueleza.

Unakumbuka watu wa kikundi chetu kilichonunua shamba walipochagua karatasi kwenye kofia ili kugawana viwanja, namba yetu ilianguka upande wa chini, mahali maji yanasimama. Nilienda kupaona na Baba mdogo. Udongo ni mweusi na mzuri, lakini nilivua viatu nikazama mpaka magotini, na hiyo ilikuwa kiangazi. Mahindi yataoza hapo kama maji hayajapewa njia. Ndiyo maana kikundi kilikubaliana kuchimba mtaro wa kutoa maji, kuanzia mtoni kuja mpaka kwetu, ambako ndiko mwisho. Wakatafuta mashine ya kuchimba, ile yenye mkono mrefu na ndoo. Mpya hawaiwezi. Walipata iliyotumika kwa mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini, aliyeinunua kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao.

Kwa vile Baba mdogo anauza vipuri, kamati ilimwomba aikague. Nilienda naye kubeba vyombo. Tangu nimalize shule ninakaa dukani na nimejifunza majina ya vitu vingi, ingawa wateja bado wananiambia niongeze sauti.

Mbele ya dereva kuna geji yenye mshale unaoonyesha presha ya oili ndani ya injini. Injini ilipowashwa, mshale haukuinuka kabisa, na injini isiyo na presha hiyo hujisaga ikafa. Wazee wakaanza kurudi nyuma. Fundi wa yule mwenye mashine, anaitwa Wekesa, akacheka akasema hiyo si injini, ni swichi. Swichi ya oili ni kitu kidogo kama kizibo kilichofungwa ubavuni mwa injini. Chenyewe ndicho kinachosikia presha na kupeleka habari kwa geji kwa njia ya waya. Wekesa alichomoa ule waya akaugusisha kwenye chuma cha injini, na mshale ukaruka mpaka mwisho. Akasema geji ni nzima, waya ni mzima, kilichokufa ni swichi peke yake.

Baba mdogo alileta swichi mpya kutoka dukani kwetu, akaifunga, wakawasha, na mshale ukapanda ukasimama vizuri. Wazee wakapeana mikono. Mashine ikapakiwa juu ya lori ikapelekwa Turbo, na ikakubaliwa kwamba malipo ya mwisho yatatolewa baada ya kuombewa na kuanza kuchimba.

Siku ya maombi watu walikuwa wengi, hata akina mama walipika. Mwenyekiti, Mzee Muturi, alitaka injini izimwe ili tusikie vizuri. Mhubiri akakataa. Alisema ni afadhali tuombee kitu kilicho hai. Kwa hivyo iliachwa ikiunguruma, na dereva akashuka akavua kofia. Baba mdogo alikuwa amepangwa kusimama mbele na kamati, lakini hakupenda mashine iachwe bila mtu. Akanipandisha juu ya mnyororo ambao mashine hutembelea, kando ya mlango wa dereva, akanionyesha kishikio cha kuzima injini. Aliniambia, "Usifumbe macho. Ukiona mshale umelala, zima. Usiniite, zima."

Mama, najua utauliza kwa nini sikufumba macho wakati wa maombi. Ni kwa sababu hiyo.

Mhubiri aliombea mashine, kisha dereva, kisha mtaro, halafu akaanza kutaja familia zote za kikundi moja moja. Mara ya kwanza nilipotazama, mshale ulikuwa mahali pake. Baadaye nikaona umeteremka kidogo, nikafikiri ni jua kwenye kioo. Aliendelea kuomba na ulizidi kuteremka, polepole, kama mtu anayesinzia. Nilimtazama Baba mdogo lakini macho yake yalikuwa yamefumbwa. Mhubiri alipofika kwa jina lako, Baba, mshale ukalala. Nilingoja amalize jina. Kisha nikavuta kishikio.

Kukawa kimya kabisa. Mhubiri aliacha neno katikati, na watu wote wakafumbua macho wakanitazama mimi. Mzee Muturi akauliza, "Nani ameua mashine?"

Nikasema ni mimi. Hakusikia, nikarudia.

Mama mmoja alisema hata kuku hachinjwi kabla watu hawajasema amina. Mwingine alisema wasichana waliosoma wanafanya haraka kwa kila kitu. Wekesa alipanda, akatazama, akasema swichi za duka letu ni za bei ya soko na zina tabia ya soko. Watu walicheka. Baba mdogo hakucheka, kwa maana lawama sasa ilikuwa ya duka lake. Alisema tu, "Nilimwambia azime, akazima," kisha akaniambia nishuke.

Kesho yake alirudi na geji nyingine ambayo haitumii swichi wala waya. Unafungua swichi, na katika tundu lake unafunga bomba jembamba la shaba, na oili yenyewe inakuja mpaka kwenye geji. Hapo hakuna wa kusingiziwa. Waliwasha asubuhi injini ikiwa baridi, presha ikawa nzuri sana, na Wekesa akaanza kukusanya vyombo vyake. Baba mdogo akamwambia angoje, injini iungurume muda kama ule wa maombi. Mhubiri akasema kama inahitajika anaweza kuomba tena. Hata Wekesa alicheka.

Ilipopata moto, mshale wa geji hii nao ukashuka, ukalala palepale.

Baba mdogo aliwaeleza kwa mfano wa uji. Uji uliopoa ni mzito, hautoki haraka hata kama chungu kina ufa, lakini ukiwa moto ni mwepesi na unatoka. Oili ni hivyo hivyo. Ndani ya injini vyuma vimelika, vina nafasi, na oili ikipata moto inapita hapo presha inapotea. Swichi ya kwanza ilikuwa imekufa kweli, Wekesa hakudanganya, lakini nyuma yake kulikuwa na ugonjwa mwingine, na sisi tulitazama ikiwa baridi tu. Alisema mashine ingechimba siku chache kisha ivunjike katikati ya mtaro.

Kamati ilikaa mpaka jioni, halafu ikairudisha mashine. Mwenye nayo hakubishana sana. Mtaro utachimbwa kwa majembe, kila familia ikileta watu. Lakini kwa majembe, kabla ya mvua watafika nusu tu. Kwetu hawatafika mwaka huu.

Mzee Muturi alinikuta dukani juzi. Aliniambia, "Msichana, umetuokoa na hasara, na umemfungia baba yako mlango." Hakusema kwa ubaya. Nimefikiria maneno hayo, na naona yote mawili ni kweli.

Kwa hivyo Baba, usiache kazi bado. Hilo ndilo jibu.

Lakini nilirudi kule chini peke yangu. Ukingoni, mahali maji yanasimama, niliona nduma moja ya porini ina majani makubwa kuliko kichwa changu. Nduma haihitaji mtaro; kiazi chake hunenepa ndani ya maji. Kama kifua cha Mama kinamruhusu, yeye aje kabla ya mvua, akae na sisi hapa Munyaka, na alete miche ya nduma kutoka kando ya mto wa hapo kambini, mingi, iliyofungwa kwa gunia bichi. Nimeanza kusafisha upande mmoja siku ambazo duka halifunguliwi.

Nisalimie Nyanya, na umwambie blanketi lake ndilo ninalojifunika. Umsalimie ndugu yangu mdogo na yule jirani anayemtunza Mama akikohoa. Baba mdogo na mke wake wanawasalimu wote.

Wewe kaa hapo kwenye kahawa. Namba yetu nimeiandika kwenye kibao nikakisimamisha ndani ya maji, na bado kimesimama.

Mimi binti yako,
Nyokabi