Sauti ya Kufukuzia Ndege

Jumanne, 20 Mei 2025
Sauti imekatika tena mazoezini. Noti ya juu ikatoka hewa tupu! Fabiola akasema jogoo mdogo anajifunza kuwika. Kwaya nzima ikacheka. Mwalimu Felician hakucheka — ndiyo mbaya zaidi. Amesema solo ya Pentekoste bado ni yangu, ila nikamwone mtaalamu wa tiba ya sauti, hospitalini Katesh. Kumbe sauti ina daktari wake!

Ijumaa, 23 Mei
Katesh na mama. Mtaalamu anaitwa Dada Verdiana, mwenyeji wa Bukoba. Akanipitisha kamera nyembamba puani. Nikaona nyuzi zangu za sauti kwenye skrini! Mbili tu, nyeupe, zinaachana na kukutana. Kila moja ina kivimbe. Anasema ni kama sugu za jembe, ila hizi za kelele.

Akauliza huwa napiga kelele wapi. Nikasema sipigi, mimi mkimya. Mama akaangua kicheko.

"Huyu? Shuleni walimu walisahau jina lake. Lakini mpeleke kwenye mtama wetu, Gehandu nzima inaamka!"

Kufukuza ndege! Sikuwahi kuhesabu hiyo kama sauti.

Nimekatazwa kelele. Hata kunong'ona. Kila siku nipulize mrija ndani ya chupa ya maji huku naguna, viputo vitoke.

Mama njiani: "Safari yote hii, mtu anafundishwa kupuliza maji!"

Jumatatu, 26 Mei
Nimefunga madebe kwenye kamba. Navuta, yanalia, ndege wanaruka. Bibi Kornelia akaita kutoka barabarani: mbona kimya, umeolewa? Ikabidi nivuke shamba lote mbio nikamwamkie kwa sauti ndogo. Shikamoo haiwezi kupungiwa mkono.

Jumapili, 1 Juni
Ajabu. Kwenye maji noti ya juu inapanda, haiumi. Nikitoa mrija inasimama kidogo, inapasuka. Kwa nini majini inakubali? Labda kule haijui kama kuna watu.

Jumamosi, 7 Juni
Pentekoste ni kesho.

Leo ndege walishuka kama wingu. Nikavuta — kamba ikakatika! Mtama wetu wote! Nikafungua mdomo. Mama akatokea mbio katikati ya mabua.

"Nyamaza wewe! Kesho unaimba!"

Akapiga kelele mwenyewe, kutoka mpaka huu hadi ule. Sauti ndefu, safi. Sikujua anayo! Ndege walipoondoka ikamkatika — pale pale inaponikatikia mimi. Nikamuuliza kama aliwahi kuimba kwaya. Akasema kafunge ndama.

Sasa niko chumbani. Nilitaka kufanya zoezi la mwisho, chupa sioni. Jikoni kuna viputo. Vinanyamaza, vinaanza tena.

Ni solo yangu! Mama anaipandisha polepole. Sithubutu kusogea. Imebaki noti ya juu —