Vidonge vya Bibi Speciose

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Wilaya ya Biharamulo
Jina: Tecla Bernardo. Umri: miaka 34. Kazi: mhudumu wa wazee. Makazi: Nemba.

Nimeonywa niseme kweli. Nitaisema yote, hata ile inayonichoma.

Mnamo tarehe 14/05/2024, saa 2:00 asubuhi, katika makao ya wazee ninakofanya kazi hapo Nemba, nilimpa Bibi Speciose kidonge chake cha kisukari. Nikaandika daftarini "amemeza". Sikuhakikisha. Wazee ni kumi na wanane na uji ulikuwa unafurika jikoni.

Saa 4:00 Mzee Kazimili alitoka bweni la wanaume kuja kumsalimia Bibi. Kwetu mgeni hupewa kahawa ya kutafuna, basi Bibi akamfungulia kifurushi chake cha jani la mgomba. Niliwaacha wanacheka.

Saa 6:20 nilimpelekea Mzee chakula. Huyu mzee hapokei sahani bila kunisingizia kwamba nimekula nyama yake. Siku hiyo kimya. Nikamgusa: jasho tupu, mwili wa baridi. Wenzangu wakasema, "Amelala, mwache." Nikasema huyu halali! Nilikimbia, kandambili moja ikabaki njiani, nikaleta kipimo cha sukari cha Bibi. Kikasoma 1.8, sukari imeshuka mno, na Mzee hana kisukari! Nikamlaza ubavu, nikampaka sukari ndani ya shavu huku nikimwita muuguzi kwa sauti yangu yote. Akamtundikia dripu.

Saa 6:55 Mzee akafumbua macho. "Tecla, nyama yangu iko wapi?"

Afande, niliruka! Nilicheka na kulia pamoja, sioni aibu kusema.

Nikamuuliza Bibi kulikoni. Akajibu, "Alilalamika magoti. Nikampa vidonge vyangu vinne, kila asubuhi nilikuwa nakificha kimoja chini ya ulimi, kisha nakiweka akiba. Daktari alisema ni dawa nzuri. Ningempa mgeni kibaya?"

Leo asubuhi Malongo, mtoto wa Mzee, ameleta shitaka la sumu, mkamchukua Bibi. Muuguzi anasema dawa ile inaweza kuishusha sukari tena, hivyo Mzee apimwe kila saa na ale. Lakini tangu asikie Bibi amekamatwa amefunga mdomo. Hata uji hataki. Anasema hatakula mpaka amwone.

Hakuna aliyeweka sumu. Neno "amemeza" niliandika mimi. Kama lazima mtu abaki hapa, nibaki mimi, ila Bibi arudi sasa hivi, Afande, sasa hivi!

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyakosea. Nimesomewa, ni sahihi.

Sahihi: T. Bernardo

Yameandikwa nami, Koplo Danstan, tarehe 15/05/2024, saa 7:30 mchana. Mlalamikaji Malongo amesomewa maelezo haya na ameondoa shitaka. Amempakia Speciose kwenye pikipiki yake mwenyewe, wameelekea Nemba kumlisha baba yake.