Chumvi ya Siku za Eda

Na chumvi nimeihamisha, Zuwena. Imetoka kwenye ile rafu ya juu uliyoizoea wewe, sasa iko kabatini karibu na dirisha. Usinicheke, shoga yangu. Nakuandikia hina ya harusi haijafutika mikononi.

Ndiyo, mimi sasa ni mke wa Hilali wako. Wiki ya tatu hii, na kila akirudi kazini, nikisikia gari lake tu moyo unanienda mbio. Ananiletea maji ya waridi kutoka milima ya Jabal Akhdar, ananiita kipenzi mbele ya mama yake. Nina furaha mpaka naona haya. Na ndani ya furaha yote hii nina wivu, na ninayemwonea wivu ni wewe.

Ulipokuja kunambia kwamba kamati ya suluhu imeshindwa kukupatanisheni na talaka imeandikwa mahakamani, nililia nawe. Lakini moyoni nilifurahi kidogo. Nisamehe. Nilidhani karatasi ile inakata kila kitu siku hiyo hiyo. Hata tulipokwenda kuandikisha ndoa yetu, mimi ndiye niliyeiweka juu ya faili. Karani akaisogeza pembeni kwa upole, akamwambia kaka yangu aliyekuja kuniozesha, "Siyo hii. Talaka ilikuwa ya rejea na eda haijesha. Marehemu kafa akiwa mkewe. Nipeni cheti cha kifo."

Akiwa mkewe. Kuyasikia hayo siku ya ndoa yangu, Zuwena.

Ndipo nikaelewa kwa nini hukuondoka kwake miezi ile. Nilikwambia rudi Sinaw kwa mama yako, ukasema sheria inataka umalize eda nyumbani kwa mumeo. Sikujua kwamba kwa muda wote ule angeweza kukurejesha mbele ya mashahidi wawili tu, bila ya akdi mpya ya ndoa wala mahari. Wewe ulinisimulia huku unacheka: "Analala majlisi ya wageni, lakini kila jioni yuko jikoni kwangu, ati hajui chumvi iko wapi. Mwaka wa sita huu anaila."

Juzi nikamuuliza Hilali, je, alitaka kukurejesha? Akasema, "Mashahidi nilishawaambia. Tulipanga Ijumaa baada ya sala. Yeye akatutoka Alkhamisi." Mmoja wa mashahidi alikuwa kaka yangu, na hakunambia. Nikajifungia bafuni, nikafungua maji, nikalia. Nilitaka anidanganye. Na kwa kuwa hakunidanganya, nikampenda zaidi.

Lakini mimi alikuwa hajaniuliza chumvi hata siku moja. Ilikuwa palepale ulipoiacha. Ndiyo maana nimeihamisha.

Jana akaingia jikoni, akanyoosha mkono kwenye rafu yako, akakuta patupu. Akasimama hivyo hivyo, mkono juu. Nilijua yuko nawe, nikamwacha. Kisha akanigeukia. "Mke wangu, chumvi iko wapi?"

Nikamwonesha.

Kila Ijumaa huja Sinaw kukuzuru peke yake, nami hubaki nimenuna. Nimechoka kununa. Kabla mwezi huu haujesha tutakuja pamoja. Yeye ataingia makaburini, mimi, kwa kuwa wanawake hatuingii, nitasimama nje ya ukuta nikuombee, kisha nitakwenda kumbusu mama yako mkono. Pumzika, shoga yangu. Nakuja.