Sala Iliyofunikwa na Ngoma

Baba yangu mpendwa,

Nimekaa hapa Kashaulili, mjini Mpanda, kwenye kile chumba ulichokibatiza jina la kiberiti. Ni saa nane mchana, mlango nimeufunga na dirishani nimetundika blanketi. Ungeniona ungecheka, ungesema, "Haya, mmeanza tena kutengeneza usiku." Maana ndivyo tulivyoutengeneza usiku wa filamu yetu, kwa mablanketi ya shangazi Leokadia, huku nje jua la kijijini kwetu Litapunga likiwaka na kuku wakiingia ndani kila tukisahau kurudishia mlango. Leo sipigi picha. Sikutaka tu mtu aniite wakati nakusikiliza.

Nitakuambia nasikiliza nini, ila niache nianzie mbali. Ni wiki ya pili sasa siongei na mtu zaidi ya salamu, na maneno yamenijaa.

Siku niliyokuja kukuomba uigize, ulikuwa umekaa uani unapukuchua mahindi. Nilikuwa nimechoka na video za harusi na kipaimara, watu wale wale, keki ile ile. Nilitaka filamu ya kutisha, ya msichana aliyeingiwa na mapepo na mzee anayeitwa kuja kuyatoa. Msichana nilikuwa naye, binamu Renata, binti wa shangazi. Mzee ndiye aliyenishinda. Nilikuwa nimewafuata wachungaji wawili wakanifukuza, mmoja bila hata kunikaribisha kiti. Nikabaki na wewe, mzee wa kanisa, mwenye nafasi yako benchi la mbele kila Jumapili. Ulimaliza hindi zima kabla ya kunijibu.

"Nitakuja. Lakini sala haiigizwi, mwanangu. Mimi nikifungua mdomo kuomba, basi nimeomba."

Nikakujibu sawa baba, wewe omba unavyojua, mradi sauti itetemeke kidogo. Akili yangu yote ilikuwa kwenye mwanga.

Unakumbuka matapishi ya Renata? Uji mwepesi uliochanganywa na maji ya mchicha uliotwangwa. Tulirudia mara tano, na kila mara badala ya kuutema aliumeza, mwisho akauliza kama kuna sukari. Shangazi yeye alilala chali chini ya kitanda, kazi yake kusukuma mbao kwa miguu ili kitanda kitikisike. Alisukuma mpaka chaga moja ikakatika, akapiga kelele kuliko mwenye mapepo. Ukaingia wewe na lile koti lako la kijivu. Nilikutumbukizia simu yangu ndogo kwenye mfuko wa kifuani ili irekodi sauti, kwa kuwa kamera ilikuwa mbali na haisikii vizuri. Nikasema tuanze.

Hukuanza. Ulivua kofia, ukapiga magoti taratibu kwa yale magoti yako mabovu, ukainama na kuchungulia uvunguni.

"Leokadia, naomba ruhusa nimwekee binti yako mkono."

"Mwekee tu kaka," akajibu shangazi kutoka gizani. "Ila mfanye haraka nyie, huku kuna siafu."

Tulicheka mpaka nikaiweka kamera chini. Wewe hukucheka. Kwako mtoto wa mtu haguswi kichwa bila mzazi wake kujua, awe anaigiza au haigizi. Ndipo ukamwekea Renata mkono, ukafumba macho na kuomba kwa Kirundi, lugha ya utoto wako, kwa sauti ya chini kabisa, ile uliyokuwa ukiitumia alfajiri peke yako. Kanisani uliomba kwa Kiswahili. Kirundi ulikiacha kwa mambo yako na Mungu. Renata alikuwa anapiga mayowe na kitanda kinagonga ukuta, sikusikia hata neno moja. Niliona midomo tu.

Nilipokuja kuunganisha filamu, niliifungua ile sauti ya mfukoni. Ilianza na kukwaruza kwa koti, kwara kwara kwara. Nilisikiliza kidogo sana, nikaona imeharibika, nikaitupa pembeni. Juu ya midomo yako nikaweka mlio wa ngoma. Na ngoma ilifanya kazi, siwezi kudanganya. Filamu ilizunguka vibanda umiza vyote vya kuonyeshea video hapa Mpanda, ikapandishwa kwenye pikipiki mpaka Mwese, na watu wakaogopa kwenda chooni peke yao. Mpaka leo bodaboda wa hapa sokoni wananiita Mama Mapepo. Zamani nilikuwa nafurahi.

Kisha mtoto wa jirani akaugua degedege, na maneno yakaanza kwamba tumeyaita mapepo kijijini. Kanisa likakuita. Nilikuwa nimesimama nje ya dirisha baba, sijawahi kukuambia. Wazee wenzako walitaka useme mbele ya watu kwamba ulikuwa unaigiza tu, kwamba yale hayakuwa maombi. Jambo dogo. Ungelisema, yangeisha.

"Sikuigiza," ulisema. "Niliomba."

"Uliomba nini, kwa mtu asiye na pepo?" mmoja wao akauliza.

"Nilichoomba ni changu na Mungu."

Wakakuvua uzee wa kanisa. Jumapili iliyofuata nilikuona umekaa benchi la mwisho, karibu na mlango, na kofia yako mapajani. Nilishindwa kuimba. Nikajiambia baba yangu ameaibika kwa sababu yangu, na nikaamini kabisa kwamba siku ile ulimwomba Mungu akusamehe kwa kuzaa mtoto kama mimi. Sikukuuliza. Niliogopa jibu, nikahamia huku mjini.

Ulikuwa ukinipigia kila Jumapili baada ya ibada. Swali lilikuwa moja, "Kamera bado unaishika?" Nami nikakujibu ndiyo baba, kazi ni nyingi. Nilikuwa nakudanganya. Kamera niliifunga kwenye kiroba nikaisukuma chini ya kitanda, nikaanza kuuza nguo za watoto pale sokoni. Miaka yote ile sikupiga hata picha ya paka. Sasa Jumapili simu inakaa kimya, na saa saba ikifika bado naishika mkononi kama mjinga. Nimekukosa baba. Sikujua mtu anaweza kuikosa hata sauti ya kikohozi.

Ndiyo maana nilienda kuitafuta. Baada ya mazishi yako nilikumbuka kwamba ile kadi ya kumbukumbu ya simu ndogo sikuifuta. Nilipekua makopo yote hadi nikaipata kwenye kopo la vifungo. Nilitaka tu nikusikie ukikohoa. Nikavumilia ule mkwaruzo wa koti, na mkwaruzo haukuwa mrefu. Ni wewe uliyekuwa unahangaika kuikunja kofia. Baada ya hapo sauti yako ikaja safi, karibu kabisa, chini yake moyo wako unagonga.

"Mana yanje," ulianza. Halafu, kwa Kirundi chako kile cha polepole, ulisema hivi: Mungu wangu, huyu niliyemwekea mkono hana kitu, wewe unajua, ameshiba uji tu. Mwenye kitu ni huyu wangu aliyeshika kamera. Kilimwingia akiwa mdogo, na hakimpi raha. Nakuomba usikitoe.

Baba, nililia mpaka mama mwenye nyumba akaja kugonga mlango.

Wangekusikia, wasingekuvua kitu. Sauti yako ilikuwa kwangu, na mimi ndiye niliyeifunika kwa ngoma. Hilo nitalibeba. Lakini kiroba nimekitoa chini ya kitanda, betri inachaji hapa mezani, na ile ngoma nimeiondoa, mahali pake nimeweka sala yako. Nitaipeleka filamu Litapunga, nimwonyeshe shangazi kwanza, halafu wale wazee, wakae wakusikilize.

Kuna kipande kimoja mwishoni nimekirudia mara nyingi. Sala imekwisha, kitanda kimetulia, na kwa mbali nasikika nikimshangilia Renata, "Umetisha dada, umetisha!" Wewe bado uko palepale. Unauliza, "Imetosha, mwanangu?" Unauliza tena, kwa sauti ndogo zaidi, "Imetosha?" Hakuna anayekujibu. Halafu mlango unafunguka, kuku wanasikika, na kadi inaishia hapo.

Imetosha, baba.

Ni mimi binti yako,
yule aliyeshika kamera