Majivu Kwenye Njia ya Bustani

Runzewe,
Jumatano, 14 Agosti 1985

Kwako kaka yangu mpendwa Leodgar,

Shikamoo kaka. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na kama si mzima basi uwe umepata nafuu. Sisi wa hapa nyumbani tunaendelea. Baba mgongo unamsumbua, lakini kila asubuhi anapiga jembe tuta zima kabla ya uji, kisha anayalaumu majembe ya siku hizi. Mama macho yake ni yale yale, anatutambua kwa miguu tunavyokanyaga. Mwanao Anisia ameng'oka jino la mbele na anawaonyesha pengo hata wapita njia. Anakusalimu, anauliza Mwanza ni mbali kiasi gani.

Barua yako ya mwezi wa tano tuliipata. Ulituandikia kwamba kazi ya kiwandani inakwenda vizuri na kwamba hutapata likizo mwaka huu. Mama alinitaka niisome mara tatu. Mihayo, yule mchuuzi wa baiskeli anayenunua mboga zetu, ndiye aliyeileta, akasema kapewa na utingo wa basi. Mimi nikaona bahasha haina stempu na pembeni ina alama za vidole vya udongo mwekundu. Nikajiambia barabara ya Mwanza ina vumbi. Unajua nilivyo kaka, mama husema Coletha hukagua hata kivuli chake. Tangu Cornel aliponiacha mimi na kumfuata mama ntilie wa machimboni, sioni aibu kukagua.

Bustani mwaka huu imekubali. Kuanzia kwenye kichuguu hadi kijitoni tuna matuta arobaini: kabichi, vitunguu, nyanya, bamia, mchicha na nyanya chungu. Kiangazi ni kikali, tunamwagilia asubuhi na jioni kwa yale madebe baba aliyotoboa matundu. Kunde tumezichuma majani, tumechemsha na kuanika nsansa ya kutosha hadi mvua. Kila tuta lina mama yake kama kawaida, ule mche mmoja bora tunaoufunga kitambaa na kuuacha uzae mbegu. Hiyo sheria baba aliyoibuni tangu akilima bustani ya mapadri kule Ushirombo bado tunaishika, na sijaona nyumba nyingine inayoifuata.

Sasa nikueleze lililonifanya nishike kalamu. Mwezi wa sita nilianza kuona matuta ya chini, ya karibu na kijito, yanachumwa na mtu nisiyemjua. Mwizi angeng'oa. Huyu alikata kwa ukucha, majani ya chini tu, akaacha mawili ya juu, kama mama alivyotufundisha. Na mama wa tuta hakuguswa hata mmoja. Nikasema huyu ni wa humu humu ndani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikamtazama wifi Melania. Mkeo alikuwa akiamka kabla ya majogoo, anatangulia kijitoni na kikapu, anarudi na ndoo ya maji huku kikapu kikiwa kitupu. Nilimuuliza kikapu kilikuwa na nini, akasema majani ya kulisha sungura. Kaka, sungura wetu walikufa tangu Pasaka! Kisha kipande cha sabuni kikatoweka, na wewe unajua sabuni ilivyo adimu mwaka huu, sisi wengine tunafulia majani ya mpapai. Kanga ya zamani ya mama, ile ya buluu yenye madoa meupe, nikaikuta imechanwa nusu. Na wifi akawa anaimba akipalilia. Mwanamke ambaye mumewe hajaonekana mwaka mzima anaimba nini?

Nikachukua majivu ya jikoni, nikayamwaga kwenye njia ya kijitoni na kuyasawazisha kwa ufagio. Kulipopambazuka nikakuta nyayo ndogo za katambuga za tairi zilizokatika kisigino cha kulia. Katambuga zake. Zilivuka kijito, zikashika njia ya kwenda machimboni. Nilimwaga siku nne na siku zote nne zilikwenda huko huko. Huko kuna nini zaidi ya wanaume?

Nilimbana tukiwa peke yetu kwenye matuta ya vitunguu. Alipalilia hadi mwisho wa tuta, halafu akasema anampelekea mgonjwa mboga, na kwamba amekula kiapo kutomtaja. Nikacheka. Nikamwambia ugonjwa huo naujua, ndio uliomwondoa Cornel kwangu. Akaniomba nisimwambie baba. Basi hapo ndipo nilipoona nimeshika mkia wa nyoka, nikaenda moja kwa moja kwa baba.

Baba alituita Jumamosi ya tarehe tatu, pamoja na mama na baba mdogo Herman. Nikaeleza ya mboga, ya sabuni na ya majivu. Baba mdogo akasema nyayo si mtu, pengine mwanamke anauza mboga apate chumvi yake. Akaniuliza kama nimemwona na mwanamume. Nikasema nimemwona. Nikasema nilimfuata mpaka machimboni, nikamwona kwa macho yangu akiinama na kuingia kwenye kibanda cha mwanamume, na hakutoka upesi.

Wifi alinitazama. Sikuona hasira usoni mwake, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Alisema tu kwamba kama wifi yake ameona, basi na Mungu ameona. Baba akamuuliza mwanamume huyo ni nani. Akamuuliza tena kwa sauti ya chini, akimwita ng'wanawane, mwanangu, kama anavyotuita sisi wanawe wa kuzaa, naye akalia lakini hakusema. Baba akaamuru arudi kwao Kagongwa mpaka baba yake, mzee Bujiku, aje wazungumze. Mtoto akabaki.

Kabla ya kuondoka alikwenda bustanini. Nikamfuata nyuma, nikidhani anakwenda kuaga huko alikozoea. Alimwagilia matuta yake yote tisa bila kuruka hata moja, akayaosha madebe, akayafudikiza mahali pake. Ndipo akajitwika furushi.

Tangu siku hiyo mboga hazikuguswa tena. Nilipaswa kufurahi. Lakini nilianza kuhofu, maana mzee Bujiku ametuma neno kwamba atakuja Jumapili hii ya tarehe kumi na nane na wazee wake, na amesema atataka kusikia kibanda ni kipi na mwanamume ni nani. Na mimi kaka, sikuwa na kibanda wala mwanamume. Sikumfuata wifi hata siku moja. Niliishia kwenye majivu. Mengine niliyatunga pale pale mbele ya baba, kwa sababu nilikuwa na hakika, na nikaona hakika yangu inatosha kuwa macho.

Kwa hiyo juzi Jumatatu nilijaza kikapu nyanya chungu, nikaenda machimboni kuutafuta ukweli wa uongo wangu. Nilipita kati ya maduara, yale mashimo ya dhahabu, wanaume wakiingia ardhini kwa kamba, nikamkumbuka kaka yetu Damian aliyefukiwa na mojawapo ya mashimo kama hayo. Nilizunguka nikijifanya nauza. Nyuma ya kibanda cha mwisho, cha nyasi, nikaona tuta dogo la mchicha na vitunguu, si refu kuliko kitanda. Pembeni, kitunguu kimoja kilichoanza kutoa ua kilikuwa kimefungwa kitambaa. Cha buluu, chenye madoa meupe.

Kwanza nilidhani hawara wa wifi ametuibia mpaka desturi yetu. Halafu nikamwona mtu ameketi kunipa mgongo, mguu mmoja ameunyoosha juu ya jiwe, umevimba na umefungwa kanga ya mama. Alikuwa anachuma mchicha wa kupika. Alichuma majani ya chini kwa ukucha wa kidole gumba cha kushoto, akaacha mawili ya juu.

Kaka, ni wewe.

Nilikiacha kikapu pale uani nikakimbia. Ulipogeuka bila shaka ulishangaa nyanya chungu zile ni za nani. Zilikuwa zangu. Na kama umejiuliza kwa nini Melania haji tena, jibu umelisoma.

Nilimngoja Mihayo barabarani nikamshika usukani wa baiskeli mpaka akasema. Akanieleza kwamba kazi ya Mwanza iliisha mwaka jana, kwamba uliona aibu kurudi mikono mitupu, ukaingia duara, na mwezi wa sita ukuta ukakudondokea mguuni. Barua zote zilitoka hapo kibandani. Nimeianza hii kama vile uko Mwanza kwa sababu ndivyo ulivyotaka tuamini. Sitaki kukulaumu sana, na mimi nina yangu.

Najua unachokiogopa. Nilikuwepo siku tuliyorudi kumzika Damian, baba akatushikisha udongo wa bustani sisi sote na kusema kwamba mtoto wake atakayeingia shimoni tena ajihesabu amekwisha kuzikwa, maana yeye hatalia mara mbili. Melania naye alikuwepo, bibi harusi wa mwezi mmoja. Kwa ajili ya udongo ule amekubali kuitwa malaya na kutengwa na mtoto wake. Neno moja tu lingemwokoa, nalo ni jina lako.

Jumapili nitasimama niseme nilidanganya. Lakini nani atamwamini aliyedanganya? Watasema wanawake wamepatana. Mzee Bujiku atataka mwanamume, na mwanamume ni wewe. Usipokuja, ndoa yako itavunjwa kwa kosa la kukulisha. Baba sijui atasema nini, siwezi kukudanganya tena. Ninachojua ni kwamba jana jioni nilimkuta anamwagilia matuta tisa ya Melania kwa mkono wake, na mgongo ule. Nikasema nimsaidie, akanifukuza.

Kikulacho ki nguoni mwako, nilisema. Nilipekua nguo za watu wote isipokuwa zangu.

Mihayo atakuletea barua hii chini ya mboga, na amekubali kukubeba kwenye baiskeli mpaka kijitoni. Kutoka hapo utembee mwenyewe, mchana, watu wakuone. Jumamosi jioni nitamwaga tena majivu kwenye njia na kuyasawazisha vizuri. Jumapili nitaamka kuyakagua kama nilivyozoea, na nitarudi kuyakagua kila watu watakapokaa kimya barazani. Natafuta unyayo mmoja na alama ya fimbo.

Mama anakusalimu, hajui anakusalimu wapi. Anisia anakusalimu na pengo lake. Mimi nakusalimu kwa aibu, na nikitoka kwako nina mwingine wa kumpigia magoti kule Kagongwa.

Ni mimi mdogo wako niliyeona nisiyoyaona,

Coletha Pantaleo