Majibu ya Wagonjwa Yalitokea Stoo

Mpendwa mshauri, naomba unisome hadi mwisho kabla hujanihukumu. Mimi ni fundi wa mtandao hospitalini, bado niko kwenye miezi ya majaribio, na wiki iliyopita zililetwa printa mbili mpya, mapacha kabisa, moja ya mapokezi na moja ya stoo, nami nikaipa kila moja namba yake ya kudumu kwenye ruta, kile kifaa kinachogawa mtandao, ili isibadilishiwe kila inapozimwa na kuwashwa, kazi ambayo hufanywa kwa kuingiza kwenye ruta namba ya kiwandani iliyobandikwa mgongoni mwa mashine, basi nikazinakili namba zote mbili kwa mkupuo mashine zikiwa bado mezani kwangu, nikazipishanisha bila kujua.

Jumatatu tulipoziwasha, majibu ya maabara yaliyotumwa mapokezi yakawa yanatokea stoo. Asubuhi ileile mzee wa stoo alinikuta kwenye ngazi akacheka, “Binti yangu, printa yangu imesomea udaktari, inatema damu na mikojo ya watu!” Nilikuwa na haraka. Nikamjibu, “Ziweke tu mzee, nitapita,” nikasahau, naye akaziweka karatasi zote, amezibana vizuri, huku mapokezi wakiwaambia watu wasubiri, hadi mama mmoja akachoka akaondoka na mtoto wake mwenye homa bila dawa.

Alasiri niligundua, nikarekebisha kimyakimya. Dakika chache baadaye meneja akazikuta karatasi stoo, akaniita mbele ya mzee. “Mtandao una hitilafu?” Nikasema, “Uko sawa.” Na kweli, dakika ile ulikuwa sawa. Mzee akanitazama, akasema taratibu, “Basi labda ni uzee.”

Mtoto alirudishwa kesho yake, sasa ana nafuu. Ila Ijumaa mzee anaitwa kwenye kikao cha nidhamu kwa kukalia majibu ya wagonjwa na huenda akaachishwa kazi. Kila asubuhi bado ananiuliza nimeamkaje. Nifanye nini?

Fundi Nisiyelala

Fundi,

Pole. Kupishanisha namba mbili ni kosa la kawaida, hata mimi nimewahi kumpa mtu dawa ya macho ya mwenzake. Lakini usijifiche nyuma ya ruta. Umenieleza printa kwa ufasaha, ukafika kwa mzee ukaniuliza ufanye nini, kana kwamba hujui. Unajua. Ungekuwa hujui, ungelala.

Usingoje Ijumaa. Kesho, kabla hujawasha kompyuta yako, nenda kwa meneja na karatasi yenye namba zote mbili, ulivyokosea na ulivyorekebisha. Mwambie pia yale ya kwenye ngazi, maneno yako yaleyale: “Ziweke tu mzee.” Hayo ndiyo yatakayomwokoa. Na kuanzia sasa, soma namba mashine ikiwa imeshafika mahali pake, kisha chapisha karatasi moja ya majaribio na usimame hapo mpaka itoke.

Huenda ukapoteza kazi. Sikufichi. Mwenzako alikuwa tayari kupoteza yake, na hata jina lako hakulitaja.

Ukitoka kwa meneja, shuka stoo. Siku ile ulimwambia utapita. Bado anakusubiri.