Papa, Nimeomba Kibali cha Bunduki

Papa,

Polisi alikuja nyumbani kwetu hapa Bruseli, na safari hii hakuna aliyekimbia. Alipiga kengele, akapangusa viatu mlangoni, akaniita "madame". Alikuja kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeomba kibali cha kumiliki bunduki. Najua unacheka. Ngoja nikueleze.

Siku hizi nafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa hospitalini, mtaa wa Jette. Nina mwenzangu pale, Lieve, Mflamande, Mbelgiji mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Siku moja tukitandika vitanda aliniambia kwamba kila Jumamosi huenda klabu, nje ya mji, kupiga risasi sahani za udongo zinazorushwa hewani. Nikamwambia papa yangu alinifundisha kupiga bunduki, calibre douze. Akaacha shuka nusu. "Wewe?" Ndiyo, mimi.

Nikamsimulia shamba letu kule kilimani Kivu, na nguruwe pori waliokuwa wakivuna mahindi kabla yetu. Nikamsimulia ulivyonisimamisha ukingoni mwa shamba, kiganja chako mgongoni mwangu nisije nikaanguka. Maman alikasirika: "Mutoto mwanamuke na bunduki, wapi na wapi?" Ukamjibu, "Nguruwe haulizi nani ni mwanaume." Na jioni ile ukaniambia kwamba mtu hujua amekuwa mtu mzima siku anapoaminiwa kushika kitu kinachoweza kuua.

Habari za askari sikumsimulia. Hizo ni zetu. Walipopita kukusanya bunduki za raia, uliipeleka yako mwenyewe, umevaa koti lako la kanisani, kibali mkononi, kwa sababu ulikuwa mtu wa sheria. Wale waliokuja baadaye kuchukua ng'ombe hawakuwa wamesalimisha za kwao. Walikukuta mlangoni, mikono mitupu.

Papa, sijui kama bunduki ingekuokoa. Mume wangu Déo anasema ungekufa haraka zaidi, na huenda ni kweli. Kinachoniuma ni kingine. Kuna mtu aliketi mahali akaamua kwamba wewe, ambaye hukumwelekezea binadamu mtutu maisha yako yote, huaminiki, na wale vijana walevi wanaaminika. Basi. Hilo ndilo sijalimeza.

Lieve alinipeleka klabu. Sahani ya kwanza ilinipita. Ya pili nilikumbuka kupumua ulivyonifundisha, nikavuta, ikapasuka hewani. Nililia mbele ya Wazungu wale wote, kisha nikaomba nyingine.

Sasa, Déo. Unamjua mkweo, mtu wa amani. Analinda mlango wa jengo la maofisi karibu na kituo cha Schuman, bila silaha, hata fimbo, na anajivunia hilo. Nilipomwambia nataka kibali, aliweka kijiko chini.

"Tulikimbia bunduki, Furaha. Tuliacha nyumba, tuliacha makaburi. Alors, unataka kuileta hapa, fasi wanalala batoto?"

Nikamwambia, "Tulikimbia watu walioshika bunduki peke yao, sisi tukakatazwa."

"Ni kitu kimoja."

"Si kitu kimoja, Déo. Mimi siogopi, na sitafuti vita. Nataka niulizwe, nijibu, nipewe au ninyimwe kwa sababu. Kama muntu."

Aliinuka, akaacha chakula mezani. Siku kadhaa tulipishana jikoni kama wapangaji. Hata mama mmoja wa kanisani alikuja hapa mtaani kwetu Saint-Josse kuniombea, akanishika kichwa akimsihi Mungu aniondolee roho ya vita. Nilisema amina, nikampa chai, na ombi langu sikuliondoa.

Ndipo polisi wa mtaa akaja. Aliketi kwenye kiti chetu kizuri, akauliza kwa nini nataka silaha. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi ya Kifaransa, yote yakanikimbia. Nikasema tu: "Kwa sababu papa yangu alinifundisha kuitumia vizuri, na hapa sijafanya kosa lolote." Aliandika. Halafu akamgeukia Déo: "Na wewe, monsieur, unakubali?"

Papa, nilimtazama Déo. Neno lake moja lingetosha kulivunja ombi langu.

Déo alitazama mikono yake. "Mimi bunduki siipendi," akasema. "Hapa ndani haitalala. Mais huyu muke wangu... nikiulizwa kama anaaminika, donc, jibu ni ndiyo."

Polisi alipotoka, tulibaki tumesimama katikati ya sebule kama watu waliofika ugenini. Sikujua nimshukuru vipi. Nilimpakulia sombe, yale majani ya muhogo anayoyapenda, akala yote.

Kibali kimetoka. Bunduki ni calibre douze, kuukuu, kitako chake kimechubuka, na inalala kwenye kabati la chuma la klabu, kama Déo alivyotaka. Nakubali, uhuru wangu hauna haja ya kulala chini ya kitanda cha watoto. Jumamosi iliyopita alinisindikiza. Alisimama mbali kwenye mvua, vidole viwili masikioni, koti langu likining'inia kwapani. Nilipopasua sahani tatu mfululizo nilimwona akisahau kuziba masikio.

Papa, nakuahidi sitamwelekezea mtu yeyote mtutu, kama wewe. Nakuahidi pia kwamba sitamwacha mtu aniambie siaminiki kwa sababu ya nilikotoka, halafu niinamishe kichwa. Na Neema, mjukuu wako, akikua nitamweka ukingoni mwa kiwanja na kumuuliza kama anataka. Akisema ndiyo, nitamfundisha. Akisema hapana, kama baba yake, hakuna atakayemlazimisha. Atachagua mwenyewe.

Pumzika, papa. Huku tumesimama.

Binti yako,
Furaha